Mlisho wa Tovuti: Namna ya Kuletewa Habari Ulizozichagua Mwenyewe

Mtu anayefuatilia tovuti kumi hurudia kazi ileile mara kumi kila siku. Hufungua kivinjari, huandika anwani, husubiri ukurasa ufunguke pamoja na picha na matangazo yake yote, kisha huteremka taratibu akitafuta kama kuna jipya, na mara nyingi hukuta kwamba hakuna. Bando limeliwa, muda umepita, na kesho ataanza upya. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuigeuza kazi hiyo, ili habari mpya ije kwako badala ya wewe kuizungukia. Njia yenyewe inaitwa mlisho. Haidai malipo, haidai namba yako ya simu, na simu ya kawaida ya Android inatosha kuitumia.

Mimi nilianza kuitumia baada ya kukosa nafasi ya masomo. Ofisi iliyotoa nafasi hiyo iliweka tangazo kwenye tovuti yake peke yake, tangazo likakaa siku kumi na nne, nami nikaifungua tovuti siku ya kumi na sita. Sikuwa na wa kumlaumu, kwa kuwa tangazo lilikuwa wazi kwa kila mtu. Kilichoniuma ni kugundua baadaye kwamba tovuti ile ilikuwa na mlisho siku zote, na kwamba laiti ningejua namna ya kujiunga nao, tangazo lingenifikia kwenye simu siku ileile lilipotoka. Tangu hapo nimewaelekeza watu wengi, hasa walimu wenzangu na wanafunzi wanaosaka nafasi za masomo na kazi, na maelezo yafuatayo nimeyapanga kwa kufuata maswali ambayo wao huniuliza.

Mlisho ni nini hasa

Mlisho ni faili moja la maandishi ambalo tovuti hulitunza sambamba na kurasa zake za kawaida. Makala mpya inapochapishwa, programu inayoendesha tovuti huongeza kipande kimoja juu ya faili hilo, na kipande cha zamani zaidi huondoka chini. Tovuti zilizojengwa kwa WordPress, programu ya kujengea na kuendeshea tovuti, kwa mfano, zisiporekebishwa huweka makala kumi za mwisho tu. Ukilifungua faili hilo kama lilivyo utakuta alama nyingi zisizosomeka kwa raha, lakini ukitulia utaona kwamba kila kipande kina mambo manne ya msingi: kichwa cha makala, kiungo cha kuifikia, muhtasari wake au maandishi yake yote, na tarehe. Tarehe huandikwa kwa mtindo maalumu, mathalani «Mon, 06 Jan 2025 06:00:00 +0000». Hiyo ni Jumatatu, tarehe 6 Januari 2025, na zile sifuri nne za mwisho zinaonyesha kwamba saa iliyoandikwa ni ya Greenwich. Programu iliyo kwenye simu yako ndiyo inayoongeza saa tatu na kukuonyesha kwamba makala ilitoka saa tatu asubuhi kwa saa za Dar es Salaam au Nairobi.

Programu hiyo nitaiita kisomaji. Kazi yake ni kupita kwenye kila tovuti uliyoichagua, kuuliza kama faili la mlisho limebadilika, kuchukua vipande vipya, na kukupangia vyote mahali pamoja kuanzia cha sasa kabisa. Kujiunga na mlisho basi si kujiandikisha popote. Ni kuikabidhi programu yako anwani ya faili na kuiambia iwe inalipitia. Mwenye tovuti hapati jina lako wala barua pepe yako, na siku ukichoka nao unaufuta mlisho kwenye simu yako na mambo yameisha, bila kumwomba mtu akuondoe kwenye orodha.

Kuhusu jina, baadhi ya programu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili huandika «mipasho», kutokana na kupasha habari. Neno hilo lina mantiki, lakini kwa masikio ya watu wa pwani mipasho ni mafumbo ya taarabu, yale anayorushiwa mtu hadharani naye akajua fika kwamba analengwa yeye. Ndiyo sababu nimechagua mlisho. Ukikuta mipasho kwenye menyu ya simu yako, fahamu kwamba ni kitu kilekile.

Utakutana pia na herufi RSS, ambazo ni jina la mtindo wa kuandika faili la mlisho, na mara chache neno Atom. RSS ilianzia katika kampuni ya Netscape huko Marekani mwezi Machi 1999, mikononi mwa Ramanathan V. Guha na Dan Libby, ambao walitaka ukurasa mmoja uweze kukusanya vichwa vya habari kutoka tovuti nyingine. Toleo linalotumika zaidi leo, RSS 2.0, lilitoka mwaka 2002. Atom ni mtindo mwingine wa kuandika faili hilohilo, uliowekewa viwango rasmi mwaka 2005. Tofauti kati ya hizo mbili inawahusu mafundi, kwani kisomaji chako kinaelewa zote na hakitakuuliza.

Wako watakaokuambia kwamba RSS imekufa. Chanzo cha dhana hiyo ni kwamba alama yake, kile kitufe cha rangi ya chungwa chenye kidoti na mistari miwili iliyopinda, imetoweka katika sehemu ambako watu walizoea kuiona. Google ilifunga huduma yake ya kusomea milisho, Google Reader, tarehe 1 Julai 2013, na kivinjari cha Firefox kikaondoa uwezo wake wa kuonyesha milisho mwezi Desemba 2018. Kilichoondoka hapo ni vitufe na madirisha ya kusomea. Mafaili yenyewe yapo palepale, na kila siku yanaongezwa vipande vipya, hata na tovuti ambazo wenyewe hawajui kwamba wanayo.

Kwa nini kundi la WhatsApp halitoshi

Swali hili huulizwa kila mara, nalo ni la haki, maana wengi wetu habari hutufikia kupitia makundi. Habari ya kundi imepita kwa mtu, pengine kwa watu kumi, kabla ya kukufikia. Huenda imekatwa mkia, huenda ni ya mwaka juzi, na huenda tangazo la kazi limebadilishwa namba ya simu na mtu mwenye nia ya kutapeli waombaji. Mlisho hutoka moja kwa moja kwenye tovuti ya mwenye habari, ukiwa na tarehe na kiungo chake. Ukiona tangazo kwenye mlisho wa taasisi, ujue taasisi yenyewe ndiyo iliyoliweka pale.

Tofauti ya pili naiona kubwa zaidi. Katika mitandao ya kijamii kuna mtambo unaokuamulia nini kitangulie na nini kisionekane kabisa, na mtambo huo hupima kile kitakachokushikilia usiondoke. Kwenye kisomaji, mpangilio ni wa tarehe. Gazeti kubwa na tovuti ndogo ya mwalimu wa kijijini hupewa nafasi sawa katika orodha yako, na tovuti inayoandika mara moja kwa mwezi haimezwi na ile inayoandika mara hamsini kwa siku, mradi umezipanga kama nitakavyoeleza mbele.

Hatua ya kwanza: andika orodha kabla ya kugusa simu

Chukua kalamu na karatasi uandike tovuti tano tu ambazo kwa kweli unazifungua, au ambazo ungepata hasara ukipitwa na habari zake. Nasisitiza tano. Wanaoanza na milisho hamsini hukata tamaa ndani ya wiki moja, kwa sababu wanakuta makala mia tatu ambazo hazijasomwa na kujiona wana deni. Kumi na mbili au ishirini zitakuja zenyewe baada ya miezi.

Katika zile tano, hakikisha angalau moja ni ya kazi yako au masomo yako, na angalau moja ni ile inayoandika kwa nadra. Faida ya mlisho huonekana haraka zaidi kwenye tovuti inayoandika kwa nadra, kwa sababu hiyo ndiyo ambayo mtu huisahau.

Hatua ya pili: chagua kisomaji

Kwa simu ya Android, ninachowapendekezea wanaoanza ni programu iitwayo Feeder. Inapatikana bure kwenye Play Store na pia kwenye F-Droid, duka jingine la programu za Android, haina matangazo, haikutaki ufungue akaunti, na kila ilichochukua hukihifadhi ndani ya simu yako, kwa hiyo unaweza kusoma ukiwa ndani ya basi mahali pasipo na mtandao. Kwa iPhone kuna NetNewsWire, ambayo nayo ni ya bure. Anayefanya kazi kwenye kompyuta na tayari anasomea barua pepe kwenye Thunderbird hahitaji kupakua kitu kingine, kwa kuwa Thunderbird ina sehemu ya kufungua akaunti ya milisho kando ya akaunti za barua pepe.

Zipo pia huduma za mtandaoni kama Feedly na Inoreader, ambazo utazifungua kwa barua pepe na nywila. Uzuri wake ni kwamba ulichosoma kwenye simu kitaonekana kimesomwa hata kwenye kompyuta. Upungufu wake ni kwamba orodha yako inakaa kwenye seva, yaani kompyuta za mtandaoni, za kampuni, na huduma ya bure ina mipaka. Kwa mtu mwenye kifaa kimoja, sioni sababu ya kuanzia huko. Katika hatua zinazofuata nitatumia Feeder kama mfano, lakini visomaji vingine vinafuata mkondo uleule.

Hatua ya tatu: pata anwani ya mlisho

Hapa ndipo wengi hukwama, na ndipo nitakaa zaidi. Jambo la kwanza la kujaribu ni jepesi kuliko watu wanavyodhani: nakili anwani ya kawaida ya tovuti, ile ya ukurasa wa mwanzo, uibandike kwenye kisomaji. Tovuti nyingi huandika anwani ya mlisho ndani ya ukurasa, mahali ambapo macho yako hayaoni lakini programu inaona. Kisomaji kitatafuta na kukuletea orodha ya milisho iliyopatikana.

Ikileta zaidi ya mmoja, soma majina kabla ya kuchagua. Tovuti ya WordPress mara nyingi huwa na mlisho wa makala na mlisho wa maoni ya wasomaji. Nimewahi kuwaona watu wakijiunga na ule wa maoni bila kujua, kisha wakalalamika kwamba mlisho umejaa watu wanaosalimiana na hauna habari. Anwani yenye neno «comments» iache. Chagua ile fupi.

Kisomaji kisipopata kitu, jaribu kuijenga anwani mwenyewe kwa kuzingatia namna tovuti ilivyojengwa. Tovuti ya WordPress huwa na mlisho ukiongeza /feed/ mwishoni mwa anwani yake. Mfano mzuri ni Global Voices kwa Kiswahili, ambayo anwani yake ni sw.globalvoices.org na mlisho wake uko kwenye sw.globalvoices.org/feed/. Hata sehemu moja ya tovuti ya namna hiyo ina mlisho wake, kwa hiyo kama unataka habari za elimu pekee, fungua ukurasa wa kundi hilo la habari kisha uongeze /feed/ mwishoni mwa anwani ya ukurasa huo. Tovuti za Blogger, zile zinazoishia na blogspot.com, huongezewa /feeds/posts/default. Mashirika makubwa hupanga ya kwao: BBC Swahili, kwa mfano, mlisho wake uko kwenye feeds.bbci.co.uk/swahili/rss.xml.

Hilo nalo likishindikana, kaa kwenye kompyuta, fungua tovuti, bonyeza vitufe vya Ctrl na U kwa pamoja ili uone maandishi yaliyojenga ukurasa, kisha bonyeza Ctrl na F utafute neno rss. Ukiona mstari wenye «application/rss+xml», anwani unayoitafuta iko kwenye mstari huohuo, ndani ya alama za kunukuu baada ya «href». Usiogope wingi wa maandishi. Hapo huwezi kuharibu chochote, kwa sababu unachokiona ni nakala iliyokuja kwenye kompyuta yako.

Hatua ya nne: ongeza mlisho na uupe kundi

Ndani ya Feeder, gusa menyu ya vidoti vitatu iliyo juu kulia, chagua sehemu ya kuongeza mlisho, bandika anwani, kisha utafute. Ukiona jina la tovuti limetokea, liguse. Kabla ya kuhifadhi utapewa nafasi ya kuuweka mlisho kwenye kundi, na usiiruke nafasi hiyo. Mimi nina makundi matatu. Kundi la kwanza ni la yale yasiyotakiwa kunipita, yaani matangazo ya masomo, kazi na mitihani. La pili ni la habari za kila siku. La tatu ni la kusoma kwa utulivu mwisho wa wiki, ambako ndiko wanakokaa waandishi wa makala ndefu.

Sababu ya kupanga hivi ni kwamba milisho haina mwendo sawa. Shirika la habari linaweza kutoa makala nyingi kwa siku moja, ilhali ofisi inayotangaza nafasi za masomo hutoa moja kwa wiki. Ukizichanganya, ile moja itazama. Ukizitenganisha, utafungua kundi la kwanza asubuhi, utaona hakuna kitu au kuna kimoja, na utaendelea na shughuli zako ukiwa na uhakika.

Kwa kundi hilo la kwanza washa arifa, ili simu ikuarifu kila kipande kipya kinapoingia. Makundi mengine yaache kimya. Arifa za habari za kila siku zitakurudisha kwenye usumbufu uleule uliokuwa unaukimbia.

Hatua ya tano: linda bando

Mlisho ni maandishi, na maandishi hayali bando sana. Isitoshe, kisomaji kilichotengenezwa vizuri hakipakui faili zima kila mara. Kwanza huiuliza seva ya tovuti kama faili limebadilika tangu safari iliyopita, na kama halijabadilika seva hujibu kwa namba 304, yaani hakuna jipya, mazungumzo yakaishia hapo. Kinachokula bando ni picha na makala kamili zinazofunguliwa baadaye.

Kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ufanye mambo mawili. Kwanza, punguza kasi ya kukagua. Mara moja kila baada ya saa sita inatosha kabisa kwa mtu asiye mwandishi wa habari, na betri yako itakushukuru. Pili, iambie programu isilete picha isipokuwa kwenye Wi-Fi. Wenye Wi-Fi kazini au chuoni wanaweza kwenda mbali zaidi kwa kuiruhusu programu ikague milisho kwenye Wi-Fi tu na ichukue makala kamili papo hapo, wakarudi nyumbani na gazeti lao zima ndani ya simu bila kugusa data. Hivyo ndivyo ninavyofanya mimi. Saa kumi jioni, kabla sijatoka kazini, navuta orodha kwa kidole ili ijisasishe, na usiku nasoma data ikiwa imezimwa.

Siku ya kwanza ya kusoma

Mwalimu mmoja wa Kiswahili niliyemwelekeza aliweka milisho yake mitano tukiwa tumekaa naye kwenye benchi la nje ya maktaba. Alianza kusoma vichwa vya habari akiteremka kwa kidole gumba, kwa ile kasi tuliyoizoea kwenye mitandao ya kijamii. Baada ya dakika nne kidole kikagota. Akavuta tena, orodha haikusogea. Akanigeukia akaniuliza, «Mwalimu, zimeisha?» Nikamjibu kwamba ndiyo, zimeisha. Akaitazama simu kwa muda, akaiweka mfukoni, akaenda darasani kabla ya kengele.

Nimelieleza hilo kwa sababu mgeni wa milisho hudhani programu imeharibika. Haijaharibika. Orodha ina mwisho, kwa kuwa ina yale tu uliyoyaomba. Jifunze pia kutumia kitufe cha kuweka alama kwamba vyote vimesomwa. Ukirudi kutoka safari na kukuta makala mia na arobaini kwenye kundi la habari, pitia vichwa, fungua mbili au tatu, kisha vifute vilivyobaki kwa mguso mmoja. Habari si deni.

Video na podikasti

Wachache wanajua kwamba hata chaneli ya YouTube ina mlisho, ambao hutaja video zake za karibuni bila kukulazimisha uingie kwa akaunti yako na kuvutwa na video nyingine. Fungua ukurasa wa chaneli kwenye kompyuta, nenda sehemu yenye maelezo zaidi kuhusu chaneli, gusa kitufe cha kushiriki, kisha unakili kitambulisho cha chaneli, ambacho ni mfululizo wa herufi na namba unaoanza na UC. Kitambulisho hicho kibandike mwishoni mwa anwani hii: www.youtube.com/feeds/videos.xml?channel_id= bila kuacha nafasi. Kwa mwanafunzi anayefuatilia chaneli mbili za hisabati, njia hii ni bora kuliko kufungua YouTube yenyewe, ambako alikwenda kutafuta logarithimu akajikuta anatazama mpira.

Podikasti nazo ni milisho tangu kuzaliwa kwake. Kipande cha mlisho wa podikasti kimeongezewa kitu kimoja tu, yaani anwani ya faili la sauti, na programu ya kusikilizia hulifuata faili hilo na kulipakua. Kwa Android, AntennaPod ni ya bure na inakubali anwani yoyote ya mlisho wa podikasti. Vipindi vinavyotolewa ndani ya jukwaa moja la kulipia pekee havina mlisho wa wazi, na hivyo havitapatikana humo.

Mambo yanapokwama

Tatizo linaloripotiwa zaidi ni mlisho kuonyesha mistari miwili ya makala kisha ukakata. Hilo ni chaguo la mwenye tovuti, ambaye anataka uje kusomea kwake yaliko matangazo yanayomlipa, nami sioni kosa katika hilo. Kwenye Feeder unaweza kuuhariri mlisho husika na kuiambia programu ichukue makala kamili kila inapopita. Isipofaulu, gusa kiungo usome kwenye tovuti.

Mlisho ukikaa kimya kwa muda usio wa kawaida, fungua tovuti kwa mkono. Ukikuta makala mpya ambazo hazikukufikia, ina maana tovuti imebadilishwa na anwani ya mlisho imehama. Rudi hatua ya tatu uitafute upya. Programu ikionyesha kosa la 404, faili halipo tena kwenye anwani hiyo. Kosa la 403 maana yake faili lipo lakini seva imekataa kulitoa, jambo linalotokea pale ulinzi wa tovuti unapokiona kisomaji kama roboti ya kuitilia shaka. Hapo dawa ni kumwandikia msimamizi wa tovuti kwa upole, ukimtajia anwani ya mlisho na namba ya kosa. Mara nyingi hakuwa na habari, na wapo waliorekebisha ndani ya siku mbili.

Kuna tovuti ambazo hazina mlisho kabisa, na kwa masikitiko nyingi kati yake ni za taasisi zenye matangazo ambayo umma unayahitaji. Facebook na Instagram nazo hazitoi milisho ya wazi ya kurasa zao. Kwa hali hiyo jaribu huduma ya Google Alerts. Unaandika maneno unayoyatafuta, kwa mfano jina la taasisi pamoja na neno «ufadhili», kisha kwenye sehemu ya namna ya kupelekewa unachagua mlisho badala ya barua pepe, nayo inakupa anwani ya kubandika kwenye kisomaji. Haina uhakika kama mlisho wa tovuti yenyewe, kwa sababu inategemea Google iwe imekwisha kuuona ukurasa, lakini ni bora kuliko kubahatisha. Kama wewe ndiye unayesimamia tovuti ya shule, msikiti, kanisa au chama cha ushirika, fungua anwani yake ukiongeza /feed/ uone kinachotokea. Ikiwa mlisho upo, weka kiungo chake mahali panapoonekana, kando ya vile vya Facebook na WhatsApp.

Hifadhi orodha yako

Google Reader ilipofungwa mwaka 2013, waliotangulia kutoa orodha zao walihamia kwenye visomaji vingine kwa siku moja, na ambao hawakufanya hivyo walianza kukumbuka majina ya tovuti mojamoja. Orodha hiyo hutolewa katika faili liitwalo OPML, ambalo karibu kila kisomaji kinaweza kulitoa na kulipokea. Kwenye Feeder utaikuta sehemu ya kutoa milisho kwenye OPML katika menyu ileile ya vidoti vitatu. Fanya hivyo kila unapoongeza milisho kadhaa, na ulihifadhi faili nje ya simu, kwa mfano kwa kujitumia kwenye barua pepe, maana simu hupotea na simu huingia maji.

Faili hilo ni dogo, halizidi uzito wa barua fupi, kwa kuwa lina majina na anwani tu. Kila mwanzo wa mwaka wa masomo mimi huwatumia wanafunzi wa kidato cha sita faili lenye milisho tisa ya matangazo ya vyuo na ufadhili. Wanalipokea kwa WhatsApp, wanalihifadhi, wanaingia kwenye menyu ya Feeder na kuchagua kuingiza milisho kutoka OPML, kisha wanalionyesha faili lilipo. Milisho yote tisa inaingia kwa mara moja, ikiwa tayari ndani ya kundi lake, na kabla hatujaachana huwa namwomba kila mmoja awashe arifa za kundi hilo nikiwa namwona.